Chaki ya Fundi Salim

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi bila kuitoa kwa mdomo wangu, ingawa watu wa Molo wameitoa kwa niaba yangu kwenye kila harusi na kila matanga, kwa hivyo leo acheni niisimulie mwenyewe, maana wao huongeza chumvi na kusema eti nililia. Sikulia. (Macho yalikuwa na maji, lakini mvuke hufanya hivyo hata kwa mwanamume.)

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na mimi nilikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda kimoja cha mbao huko juu kati ya Elburgon na Molo. Kiwanda kilikuwa na nyumba yake ya stima. Tunachoma mabaki ya mbao, boila inatoa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba nene hadi kwenye injini, na injini inatoa stima ya kuendesha misumeno na kuwasha taa za nyumba ya Bwana, mzungu mwenye kiwanda. Katikati ya boila na injini kulikuwa na valvu kubwa ya chuma, ina gurudumu la kuzungusha kwa mikono miwili, na mvuke wote wa kiwanda ulipita hapo. Miaka sita nililizungusha gurudumu lile asubuhi na jioni, na mke wangu Nekesa alikuwa akiniita mbele ya wageni "mwenye stima". Jina hilo nililipenda kuliko mshahara.

Halafu akaja Salim.

Salim alikuwa kijana wa Bondeni, Nakuru, wa ukoo wa watu waliotoka pwani zamani, amefundishwa kazi kwenye karakana ya reli, kofia nyeupe, kucha safi (niambieni, mtu wa boila na kucha safi!), na Kiswahili laini ambacho kiliwafanya wanawake wa laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi, wasahau mitungi yao ikimwagika pale bombani. Sisi wengine tulisema "wewe nakuja lini" na maisha yakaendelea, yeye akaja na "waonaje hali, mama?" Na Nekesa wangu, ambaye nilidhani ana akili, akaanza kurudi nyumbani na habari.

"Fundi Salim anasema chuma ni kama mtoto," akaniambia siku moja akinipakulia ugali, "hakiamshwi kwa kelele."

"Salim amezaa watoto wangapi?" nikauliza.

"Naongea juu ya chuma, baba Simiyu."

Nilikula ugali ule kama nakula mchanga.

Kilichoniudhi zaidi ni namna yake ya kufungua valvu. Asubuhi bomba likiwa baridi (na baridi ya Molo mnaijua) mimi niliachia maji kidogo yaliyolala kwenye bomba, kisha nikazungusha gurudumu, mvuke ukapita, kazi ikaanza. Yeye hapana. Yeye alifungua kwanza kijibomba kidogo cha pembeni, mvuke ukapenya pole pole, halafu akaketi kwenye gogo, akatoa tasbihi yake mfukoni na kuanza kuhesabu punje, tisini na tisa, mara tatu nzima, ndipo ainuke, aguse shingo ya valvu kwa kidole kilicholowa mate, na kufungua gurudumu robo kwa robo. Alisema mvuke ukiingia ghafla, chuma cha ndani kinatanuka kabla ya kile cha nje, na kikifanyiwa hivyo kila siku, moto asubuhi, baridi usiku, mwisho kinachoka na kupata ufa. Mimi nilisema huyo anapenda tu kukaa kwenye gogo.

Basi nyapara wetu mzee akataka kurudi kwao, na Bwana akatangaza kwamba Jumamosi watakuja wakubwa wa kampuni kutoka Nairobi, injini itawashwa saa tatu mbele yao, na siku hiyo hiyo atamtaja nyapara mpya wa nyumba ya stima. Nyapara alipewa nyumba ya mawe, vyumba viwili, na bomba la moshi lake mwenyewe. Nekesa alikuwa ameitamani nyumba ile tangu mtoto wetu wa kwanza alipougua kifua. Kila mtu alijua ni mimi au Salim, na mimi nilijua kwamba nikiikosa, kila usiku wa baridi nitasikia mke wangu akinyamaza.

Ijumaa boila ilizimwa mapema ili tusafishe. Nikamkuta Salim ameipaka shingo ya valvu mafuta ya taa, akaipangusa ikakauka, halafu akaipaka unga wa chaki, ikawa nyeupe kabisa. Tukangoja kidogo. Juu ya ile chaki ukatokea mstari mwembamba, mweusi, kama unywele.

"Huo ni ufa, kaka Wafula," akasema. "Mafuta yaliingia ndani, sasa yanatoka. Mimi nashuka Nakuru kuswali, kesho narudi na treni ya asubuhi nimwonyeshe Bwana kabla moto haujawashwa. Tafadhali, chaki hiyo isiguswe."

Sasa nisikilizeni mtu mwenye wivu anavyofikiri. Sikuona ufa. Niliona Salim amesimama mbele ya wakubwa wa Nairobi na kidole chake safi juu ya valvu *yangu*, akisema imepasuka mikononi mwangu, na Nekesa yuko nyuma kwenye umati anatikisa kichwa kwa kumwonea fahari. Alipotoka tu, nikachukua kitambaa changu cha mkono, kile alichonishonea Nekesa maua mekundu pembeni, nikafuta chaki yote, nikaing'arisha valvu mpaka ikatoa sura yangu. Nikakirudisha kitambaa mfukoni.

Jumamosi watu wote walikuja, wake na watoto, mchungaji na wazee wa kanisa, hata wapasuaji magogo wa Sachangwan. Nekesa alivaa gauni jipya. Mimi nilivaa koti la harusi yangu juu ya ovaroli. Saa tatu ikafika, wakubwa wakafika, treni ya Salim haijafika, na moyo wangu, nisiwafiche, ukacheza.

Nikafungua kijibomba cha pembeni, maana hata mimi si mjinga kabisa. Lakini sikuwa na tasbihi, na Bwana alikuwa akiangalia saa yake.

"Wafula! Moto iko, stima hapana iko! Nangoja nini?"

Nikamwangalia Nekesa. Akanitabasamia. Nikashika gurudumu kwa mikono miwili na kulizungusha lote mara moja, kwa madaha, kama mtu anayefungua pazia.

Kwanza kulikuwa na mlio mdogo, *tik*. Kisha shingo ya valvu ikapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, mvuke ukatoka kwa ubavu, nyumba nzima ikawa nyeupe, wakubwa wakatoka wakikanyagana, na mimi nikaruka nyuma, nikajikwaa kwenye lile gogo la Salim, na nikiwa naanguka nikashika kitu cha kwanza nilichokuta hewani. Kilikuwa kamba ya firimbi. Firimbi ya kiwanda ikianza kulia bila kukoma maana yake ni moto, na mimi nilikuwa nimening'inia pale siwezi kuachilia, kwa hivyo ililia mpaka Molo mjini. Watu wakaja na ndoo. Niliposota nje kwa magoti, ndoo ya kwanza ilinipata kichwani, nayo ilikuwa ya mchungaji, maji ya mtoni, baridi ya kukata pumzi, na baada yake wazee wote wa kanisa wakafuata kwa zamu.

Salim alitokea njia ya stesheni akikimbia, kofia mkononi. Hakuuliza kitu. Alijifunika gunia lililolowa, akaingia kwenye ule weupe, akafunga valvu nyingine, ile ndogo ya kwenye boila yenyewe. Kukawa kimya. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa.

"Nani najua hii nakwisha haribika?" Bwana akapiga kelele.

Nilikuwa nimesimama katikati ya watu, natetemeka, maji yanachuruzika kwenye koti la harusi. Nekesa akanionea huruma. Akaja, akatia mkono mfukoni mwangu, akatoa kitambaa chake cha maua mekundu, akaanza kunipangusa uso kwa upendo, paji, pua, mashavu yote mawili. Watoto ndio walianza kucheka. Halafu akina mama. Uso wangu ulikuwa mweupe pe, chaki imeshika maji, na nilikuwa nanuka mafuta ya taa kama koroboi.

Nekesa akanusa kitambaa. Akaiangalia valvu kupitia mlangoni, iking'aa.

"Baba Simiyu," akasema, na watu wote wakasikia, "hii chaki ni ya nani?"

Salim akakiona kile kitambaa. Alikielewa, nilimwona akikielewa. Akamgeukia Bwana na kusema, "Ni kosa langu. Niliuona ufa jana, nilipaswa kukueleza jana ile ile. Chuma kimechoka, Bwana."

Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote, kwa sababu hata huruma alinishinda.

Nyumba ya mawe akapewa yeye. Kitanda chake nilikibeba mimi kwa kichwa, Nekesa ndiye aliyeniamuru, na nilipokitua niliona lile bomba la moshi, nikatoka haraka. Wiki ile ile nikamwambia Salim ukweli. Alisema alijua, akanipa chai.

Sijafungua tena valvu baridi kwa haraka, hilo niliapa na nimelishika. Wivu sikuuapia, maana ningekuwa mwongo. Mpaka leo, mimi mzee na yeye babu wa wajukuu kumi huko Bondeni, Nekesa akianza kusema, "Unakumbuka vile fundi Salim alikuwa..." mimi hunyanyuka, nikaenda kukaa nje, nikahesabu tisini na tisa mara tatu, ndipo nirudi na kufungua mdomo.