Kilima cha Kurukia cha Kingsbury

Siku ile tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu wa kiume, bibi wa Kipemba wa ghorofa ya juu, mzee Muaustria wa mlango wa pili, na mama wa ustawi wa jamii ambaye hakuna aliyemtarajia kabla ya saa nane. Nawataja wote kwa sababu juzi theluji ilianguka, nikapita kwenye bustani ile ya Kingsbury, nikawaona kilimani kana kwamba hawajaondoka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami nimeacha skuli, napanga mboga katika duka la Wagujarati. Mama wa ustawi alikuwa anakuja kuangalia kama wadogo zangu wabaki kwangu au wagawanywe katika nyumba za watu. Nilikuwa nimesugua nyumba mpaka vitasa vya milango.

Mzee yule alizaliwa katika mji wa milimani wenye kilima cha kurukia kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni vya kutelezea thelujini. Jioni akija kunywa chai yetu ya tangawizi, alitusimulia habari zake: jinsi baba yake na wanaume wa mji walivyobeba magogo mabegani kujenga njia ya kushukia, jinsi magogo yale yalivyochomwa kuni wakati wa vita, na jinsi walivyojenga tena. Watoto walipangwa mstari, wakakanyaga theluji wakienda ubavuubavu mpaka ikashikamana kama sakafu, ujira wao mkate na maziwa moto. Asiyekanyaga haruki. Na anayefungua kilima si bingwa, ni mkubwa wa watoto. Akifika chini salama, anabaki hapo kuwapokea wenzake.

Asubuhi hiyo alitugongea, kofia yenye unyoya kichwani na bakuli la keki ya tufaha mkononi, akasema theluji ya London haingoji mtu amalize chai. Kitu cha kutelezea hatukuwa nacho. Bibi wa juu akatuteremshia sinia lake la pilau la maulidi. Akaniambia, "Likirudi na bonde, mwanangu, pilau utakulia kiganjani."

Bustanini tukakanyaga theluji, hata bibi na kanga zake juu ya koti. Mzee akatujengea ukingo wa theluji wa kurukia, akaupiga kwa koleo kama fundi wa saruji. Nikakaa kwenye sinia, nikashuka. Mimi nasema nilipaa. Bibi alisema hata paka huvuka kizingiti kwa kishindo zaidi. Nilitua kwa makalio, bonde likapatikana, nikasimama chini na mikono wazi. Mdogo wangu wa kike akaja, nikamdaka. Kitindamimba akaja akicheka kwa sauti nyembamba, akaniangusha. Nilipopangusa theluji machoni niliona viatu vya ofisini.

Mama wa ustawi alikuwa amewahi, na jirani akamwelekeza bustanini. Nikaanza kumweleza kwamba nyumba ni safi. Hakunisikiliza, alimuuliza kitindamimba tunafanya nini. Kwa Kiingereza chake, alimjibu kwamba Dada hushuka kwanza kuona kama pana ubaya, kisha haondoki mpaka sote tufike.

Mzee akamwambia mama yule kwamba pale hakuna watazamaji, naye akakanyaga theluji na viatu vyake vile. Alipoaga, aliniambia, "Nyumba nitaikagua wiki ijayo. Ila nitaandika kwamba wabaki na wewe."

Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kwa hiyo sinia tulilirudisha limejaa kaimati, bonde likafichika mpaka zilipoliwa. Bibi alikataa linyooshwe. Kila maulidi aliniketisha upande wa bonde, akisema nyama zote huteremkia huko.

Bibi hayupo tena. Wadogo zangu wana watoto wao, na theluji ya juzi haikufunika hata nyasi. Mzee alirudi kwao mwaka uleule kabla ya kiangazi, ghafla, nikiwa kazini. Miaka baadaye dada yake alipiga simu kutuambia amefariki, na kwamba kilima kimevunjwa, siku hizi ng'ombe wanakula nyasi pale warukaji walipokuwa wakitua.

Bakuli lake la keki liko kabatini mwangu. Dada yake yu hai, mji upo, na visheti vya kulijaza najua kupika. Bakuli bado halijarudi.