Chumvi ya Mahari Ilivyoishia Ziwani

Jambo hili nimelificha sana, ila mke wangu ameshalisimulia kwa akina mama wa kanisani, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe, aibu yote.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana wa Ivuna, kando ya ziwa, kunakochemshwa chumvi, na kwenye mahari ya Tabitha ilibaki chumvi tu. Baba yake alisema ikifika, harusi kabla ya mvua. Nikaipakia yote kwenye mtumbwi, kingo zikakaribia kulamba maji, nikampakia na baba mdogo, mshenga wangu, tukaanza kuvuka ghuba.

Njia hiyo nilishaizoea, nikivuka na mtumbwi mtupu kwenda kumsalimia Tabitha. Upepo unatoka kulia, na mto unaoingia ziwani nao unasukuma kidogo kushoto, kwa hiyo pua ya mtumbwi huielekezi kwao, unaielekeza kwenye migunga ya mbali kulia, halafu unashuka wenyewe mpaka mwaloni kwao, mitumbwi inapofikia. Nikafanya hivyohivyo, nikijisifu njia nzima (domo langu mnalijua). Baba mdogo akauliza mbona mwalo tunauacha kushoto. Nikamwambia atulie, upepo utatushusha.

Haukutushusha. Mtumbwi mtupu huelea juu, upepo ukaupiga ubavuni. Uliojaa umezama, upepo unakosa pa kushika (haya niliyawaza baadaye, nikiwa nimelowa). Tukapenya matete, na hapo mbele, kwenye maji ya magotini, mama yake Tabitha anaoga.

Kwetu hata mkikutana njiani na mama mkwe, mmoja anaingia porini. Mimi pori ningelitoa wapi? Nikajitupa kifudifudi nifiche uso, mtumbwi ukapinduka, wote majini, na chumvi ikayeyuka huku naiona. Nilitamani mamba anipitie.

Mama akajifunga nguo, akatugeuzia mgongo, na kwa kuwa mimi hawezi kunisemesha, akamwambia baba mdogo taratibu, "Mwambie huyo mtu, samaki wameshapokea mahari. Sisi bado tunasubiri."

Mvua zikaanza kabla sijapata chumvi nyingine, harusi ikangoja mwaka mzima, nami kila nikisikia mgeni kafika kwao usingizi unakata. Tabitha alinisubiri, namshukuru Mungu.

Siku hizi sipigi kafi kabla sijatazama mtumbwi umezama kiasi gani. Na mama mkwe, mpaka leo nikienda kwake, mboga yangu huletwa kwenye bakuli la peke yake, haina chumvi, nami naimaliza yote.