Wiki Tatu Nilizonyamaza

Ndugu zangu, naitwa Ngalula. Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nilizaliwa hapa hapa. Tangu ujana wangu naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia yetu. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mnene, mwenye nguvu. Nilikanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni, kisha nikaenda kwenye mazoezi kwa miguu.

Kikohozi kilianza wakati wa kiangazi, upepo unapoinua vumbi jekundu. Kila mtu alikuwa anakohoa, kwa hiyo sikujali. Nilikunywa maji ya tangawizi. Mwezi ukapita. Nikaanza kutoka jasho kitandani mpaka shuka linakamulika. Sketi zikawa zinateleza kiunoni. Nilizipunguza mara mbili kwa mashine yangu mwenyewe. Siku moja, katikati ya mazoezi, nilikohoa kwenye leso nikaona damu. Nikaikunja haraka, nikaendelea kuimba.

Dada yangu Mujinga, ninayeishi naye, ndiye aliyenipeleka kwenye kituo cha afya. Walipima makohozi. Muuguzi, mama mmoja mtulivu, hakuzungusha maneno.

"Mama, iko tuberculose. Utakunywa dawa miezi sita, kila siku. Utapona. Sasa uniambie, unakaaka na nani karibu?"

"Na dada yangu tu."

"Apana na bantu bengine? Ku kazi? Ku kanisa?"

"Apana."

Ndivyo nilivyojibu, na rozari iko shingoni.

Niliogopa. Kwetu mgonjwa wa kifua kikuu hutengewa kikombe, na wengine huanza kutafuta nani amemroga. Nani angeniletea tena kitambaa cha kushona? Hata Mujinga alinishauri, "Sema tu iko malaria. Bantu ba huku banaongeaka sana." Basi nikaacha kwenda kwenye kwaya, na kila aliyeuliza nikamwambia ni malaria.

Dawa zilinisumbua. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, magoti yakauma, asubuhi nilikuwa natapika. Lakini kilichonitesa zaidi ni Odia. Odia ni rafiki yangu. Kwenye kwaya tulisimama bega kwa bega, tukisoma karatasi moja. Binti yake Kena, wa miaka minne, alizoea kulala mapajani mwangu wakati wa mahubiri. Kila nilipoomba, "Bwana, niponye," nilimwona yule mtoto. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilijua tu kwamba siwezi kumwomba Mungu uzima wangu huku nachezea uzima wa mtoto wa mwenzangu.

Wiki ya tatu nilimwambia dada yangu, "Minaenda kubaambia bantu ba kwaya."

"Batakufukuza!"

"Banifukuze. Lakini bapimwe."

Kwanza nilimweleza muuguzi ukweli; akanipa barakoa, akaniambia nisimame nje, mbali kidogo. Jumamosi, siku ya mazoezi, niliomba wanakwaya watoke nje, kwenye uwanja wa kanisa.

"Ile haikukuwa malaria," nikasema. "Iko tuberculose. Nilibadanganya. Muende mupimwe, zaidi sana batoto."

Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kitenge. Odia akauliza polepole, "Ngalula, ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki tatu."

"Wiki tatu! Na Kena anakohoa ku nyumba, mie minamupatia sirop ya kikohozi tu!"

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumatatu kiongozi wa kwaya alitangulia kwenda kupimwa, ili wengine wasione haya. Walipatikana wagonjwa wawili: mwanamume mmoja wa sauti ya tatu, na Kena. Wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Sikuwalaumu.

Mwezi wa tatu wa dawa mwili ulianza kurudi. Hapo mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniambia, "Kama uko na imani kweli, tupa zile dawa." Nikamjibu, "Mungu mwenye ananisikia, ni yeye alimupatia muuguzi akili. Nitakunywa mpaka kidonge cha mwisho."

Odia na mimi tulikutana mara nyingi kwenye benchi la kituo. Alikaa upande wake, mimi upande wangu. Hakunisalimu. Asubuhi moja Kena alikataa dawa, akatema, akalia. Odia, bila kunitazama, akasema, "Muonyeshe vile unameza." Nikameza zangu, nikafungua mdomo mtoto aone. Naye akameza. Ndipo nikaomba msamaha, nikalia kama mtoto. Odia akamfuta Kena mdomo.

"Iliniuma sana," akasema. "Lakini nimekusamehe. Usirudilie."

Nilimaliza dawa, makohozi yakapimwa, yakawa safi. Kena naye amepona; mwaka huu ameanza shule.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule muuguzi, nawashukuru wanakwaya walionivumilia. Nanyi mnaonisikiliza: ukikohoa wiki mbili, nenda upimwe. Na ukiambiwa ni kifua kikuu, usikae ukiomba peke yako. Nenda siku ile ile kwa wale unaokula nao na kuimba nao, uwaambie, hata kama midomo inatetemeka.