Mawe Kumi na Mawili Uani

Kudura binti Saburi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Mpe kitunguu akimenye, atauliza kwa nini kitunguu kinaliza na tango halilizi. Mtume dukani akanunue chumvi, atarudi na chumvi, na pia khabari za mwenye duka, kwao wapi, ana ndugu wangapi, na kama mvua ya kwao hunyesha mchana au usiku. Wengine husema ni umbeya. Mie nasema umbeya hutaka kujua ya watu, na Kudura alitaka kujua ya ulimwengu mzima.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kwao Muheza, Tanga, na mwaka wa tatu sasa alikuwa akifanya kazi za ndani Birkat al Mauz, chini ya mlima Jabal Akhdar, Oman, kwenye migomba na mitende. Bwana wa nyumba, Nasr, alikuwa Mwarabu wa papo hapo mwenye gereji Firq, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "chai tayari?" Mkewe, Bi Tahira, alizaliwa Oman lakini wazee wake walitoka Unguja mjini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bibi yake, cha mie na weye, na katikati ya sentensi Kiarabu kikiingia bila kubisha hodi.

Bi Tahira huyu alifanya jambo lililowapa majirani la kusema mwaka mzima. Aliwatoa wanawe skuli, Luay wa miaka kumi na Hamda wa miaka saba, akawa anawasomesha nyumbani mwenyewe. Si kwamba hakuijua skuli. Alikuwa mwalimu miaka sita kabla ya kuolewa. "Darasa la watoto thelathini," akisema, "linamfundisha mtoto kunyamaza tu, wallahi." Basi kila asubuhi saa mbili meza ya kulia ilifutwa makombo, vikatandazwa vitabu, na masomo yakaanza.

Na Kudura? Kudura alikuwa mlangoni mwa jiko, kisu mkononi, viazi mapajani. Mikono ilikuwa kazini, masikio yalikuwa darasani. Hakuna aliyemkaribisha, lakini hakuna aliyemfukuza. Hivyo hivyo akajua kwamba nyangumi si samaki, na kwamba damu huzunguka mwilini ikarudi ilikotoka. Siku Luay aliporudi na jiwe la mlimani lenye alama ya kome, na mama yake akaeleza kwamba mlima wote ule hapo kale ulikuwa chini ya bahari, Kudura alitoka nje akaukodolea macho mlima mpaka wali ukaungua. Alisemwa siku hiyo, hakujali. Wali upo kila siku, bwana.

Aliyekuwa hapendi mambo haya ni Babu Harub, baba yake Nasr. Mzee huyu alikuwa mmoja wa wagawaji wa maji ya falaji, yule mfereji wa zamani unaoshuka kutoka mlimani na kunywesha bustani zote kwa zamu. Mtu wa zamu hapendi kitu kinachokwenda ovyo. Watoto wa watu wanapanda basi la skuli, wajukuu zake wako nyumbani na nguo za kulalia! Akamwita mwanawe, wakasemezana, na hukumu ikatoka: Alkhamisi, kabla ya skuli kufunguliwa, Babu atakuja kuwapima watoto mwenyewe. Akiridhika, waendelee nyumbani. Asiporidhika, Jumapili, ambayo kule ni siku ya kwanza ya masomo, wako skuli.

Nasr alikubali ili apumzike na maneno. Bi Tahira alikubali kwa shingo upande. Kudura hakuulizwa; nani amuulize? Lakini nakwambia roho yake ndiyo iliyokuwa juu kuliko ya wote. Watoto wakishindwa watapata darasa jingine. Yeye atabaki na viazi.

Bi Tahira alichagua jambo la kumkamata mzee pale pale anapopapenda. Zamani, kabla ya watu kuvaa saa mkononi, maji ya falaji yaligawiwa kwa kivuli. Kijiti kilisimamishwa uwanjani, na kivuli kikifika alama yako, maji ni yako; kikiipita, funga, mfungulie mwenzio. Basi watoto wakasimamisha kijiti chao uani. Wiki mbili walikuwa wakitoka kila saa kwenye jua la Agosti kuweka alama, wakapanga mawe kumi na mawili, kila moja limepakwa namba kwa rangi ya kijani, kuanzia sita ya asubuhi mpaka tano ya jioni, kama saa za huko zinavyosomwa. Walikuwa wameiva weusi kwa jua, na mama yao anawaonea fahari.

Jumatano Bi Tahira akawachukua watoto kwenda mji wa Nizwa kwa mama yake, kutwa nzima. Kudura akabaki peke yake, akautazama ua, akaona vumbi. Mgeni anakuja kesho na ua uko vile? Hapana. Akayaondoa mawe, akamwaga maji, akasugua mpaka sakafu ikang'aa. Usafi nao una hasara zake.

Mtu mwingine angeyarudisha mawe kwa kukisia. Kudura hakuwa mtu wa kukisia. Alijua jinsi watoto walivyofanya, kwa kuwa alisikia kila neno kutoka jikoni, ingawa hakuwahi kuinama kuziangalia namba. Bahati yake alikuwa ameanza kazi alfajiri, na jua lilipochomoza sakafu ilishakauka. Akakaa na simu yake. Kila saa ikitimia anatoka, anaangalia kivuli kimelala wapi, anaweka jiwe. Simu ikiandika tisa, jicho likaona tisa, kichwa kikasema saa tatu, na mkono ukachukua jiwe lenye namba tatu. Ndivyo alivyohesabu tangu alipozaliwa, jua linatoka saa kumi na mbili na saa sita ni mchana katikati. Mawe yakatosha sawasawa, halikupungua hata moja wala halikuzidi, sasa kosa lingemshtua vipi? Jioni nyayo zilikuwa zimeungua kwa sakafu ya moto, na yeye anacheka peke yake. Amefanya somo zima, mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono wake!

Alkhamisi Babu Harub aliingia saa mbili na nusu, bakora mkononi, kilemba kimekaa sawa. Alipewa kahawa na tende, akanywa vikombe vitatu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akasema twendeni uani. Yote yalisemwa kwa Kiarabu, na Kudura, aliyejibanza nyuma ya mlango wa jiko, kwa miaka mitatu alishakuwa na Kiarabu cha kutosha.

"Maji ya mtu yanafungwa sasa hivi," akasema Babu, akimwelekezea Luay bakora. "Ni saa ngapi?"

Luay akainama. Kivuli kilikuwa kimelala sawasawa juu ya jiwe. "Tatu," akasema, na papo hapo uso ukamsawijika. Kwa Kiarabu tatu ni alasiri, jua limeshavuka upande wa pili, naye alikuwa bado na makombo ya mkate wa asubuhi mdomoni.

"Tatu?" Babu akauliza.

Bi Tahira akachungulia, akaona mawe yote hayako yalipokuwa, rangi ikamtoka. Akamgeukia mdogo, akahamia Kiswahili. "Hamda! Weye umeyachezea mawe haya?"

"Mie sijayagusa, mama!" Mtoto mdomo ukaanza kumtetemeka.

Nyuma ya mlango Kudura alielewa yote kwa mpigo mmoja. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mtoto angelia kidogo, akapewa tende, yakaisha. Na mwenye nyumba akigundua kwamba mtumishi ndiye aliyemharibia siku kama hii, tiketi ya kurudi Tanga haiko mbali. Lakini Hamda alishaanza kulia, na kilio cha mtoto aliyesingiziwa hakifanani na kingine. Kudura akatoka, mikono bado imelowa.

"Ni mimi, Bi Tahira. Niliosha ua, nikayapanga upya. Nimeyapanga kwa saa za kwetu."

Bi Tahira akamtazama, akayatazama mawe, akaelewa. Hata bibi yake alihesabu hivyo hivyo. "Ya Rabbi, Kudura," akasema kwa sauti ndogo. "Leo? Siku zote ukaiona leo?"

Babu akataka kujua kunasemwa nini. Bi Tahira akamfasiria, naye mzee akachuchumaa, magoti yakalia, akaanza kuyasoma mawe moja moja kwa ncha ya bakora. Kisha, hee, mzee akacheka! Akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Akasema marehemu baba yake alihesabu vivi hivi. Jua likizama ilikuwa kumi na mbili, na saa ya ukutani ikirekebishwa kila magharibi. "Saa ya bibi huyu imenyooka," akasema. "Hizi zenu zimekuja juzi na matangazo ya redio."

Kudura akashusha pumzi. Pengine angeishia hapo, akarudi jikoni. Lakini ugonjwa ule haujui adabu. Swali lilikuwa likimkereketa tangu jana, akamwambia Bi Tahira amuulizie mzee. Kipupwe kikija, mchana wa huku unakuwa mfupi. Mwenye maji ya mchana si anapunjwa, na mwenye ya usiku anazidishiwa?

Babu aliposikia, alikirudisha kilemba mahali pake. Halafu akaanza kuchora sakafuni kwa bakora, mate yanamruka. Ndiyo, anapunjwa! Ndiyo maana zamu hugeuzwa, aliyepewa mchana mzunguko huu, mzunguko ujao hupewa usiku, na mwaka ukiisha hakuna aliyedhulumiwa. Akaeleza, akarudia, akaeleza tena. "Miaka arubaini nagawa maji," akasema, "na mwanangu mwenyewe hajapata kuniuliza hilo."

Bi Tahira akatabasamu. Mambo yamekaa vizuri, akajua. Mzee akajifuta jasho, akamgeukia mjukuu wake kwa furaha zote. "Na wewe, Luay? Niulize nawe. Swali lolote."

Luay akayatazama mawe. Akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Babu, lini nitakwenda skuli na kina Hood?"

Hood ni jirani, wanacheza mpira pamoja jioni. Basi hilo ndilo swali, na hakuna aliyelitegemea. Babu mwenyewe, aliyekuja kulitafuta jambo hilo hilo, hakuwa na furaha alipolipata. Alimvuta mtoto kifuani, akasema taratibu, Jumapili inshallah. Bi Tahira alikusanya vikombe ambavyo si kazi yake kuvikusanya, akaingia ndani.

Kudura alimkasirikia Luay, nisikufiche. Alimkasirikia sana, mtoto ana mwalimu wa peke yake naye anataka mpira! Halafu akajionea haya. Alimwona jioni akiijaribu kanzu mpya ya skuli mbele ya kioo, akigeuka huku na huku, na mtoto alikuwa na furaha ya kweli. Utamlaumuje? Akaipiga pasi kanzu ile mara mbili.

Jumapili basi la skuli likaja, likawachukua wote wawili. Nyumba ikawa kimya mpaka friji inasikika. Kudura akaosha vyombo polepole, kwa kuwa baada ya vyombo hakukuwa na kitu cha kusubiri. Ikafika saa mbili. Akageuka bila kujua, akatazama mezani, akamwona Bi Tahira amekaa mahali pake pa siku zote, makombo ameshayafuta, daftari liko mbele yake, na hana wa kumfundisha.

"Kudura," akaita. "Njoo."

Kudura akaja na chai. Alidhani ni chai.

"Iweke hapo. Kaa."

"Na vyombo, Bi Tahira?"

"Vyombo havina miguu. Kaa, mwanamke."

Akakaa ukingoni mwa kiti, mapovu bado kwenye viwiko. Meza hii alikuwa ameifuta mara elfu, lakini hajawahi kuiona kutoka upande huu.

"Mwaka mzima nilikuwa na wanafunzi watatu," Bi Tahira akasema, "nami nikisomesha wawili. Mie mwalimu mzima, sikuona. Unisamehe." Akalisukuma daftari mbele ya Kudura. "Haya. Tuanze na nini?"

Kudura akafungua mdomo, na yale maswali yake yote, ya kitunguu na ya nyangumi na ya mlima, yakamkimbia. Alisema akiitazama meza.

"Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu akachora jua ubaoni, na dunia pembeni yake. Akasema kesho atatueleza kwa nini kuna nchi mchana wao unarefuka na kufupika. Nikarudi nyumbani, nikakuta bibi ameanguka, hawezi kuinuka. Nikaambiwa nibaki nimuuguze. Sikurudi tena shule."

"Miaka mingapi sasa?"

"Ishirini na miwili."

Bi Tahira alijifuta macho kwa ncha ya leso yake. Kisha akachukua chungwa kutoka kwenye bakuli, akachomeka kijiti cha meno juu na kingine chini, akaliinamisha kidogo upande mmoja mbele ya uso wa Kudura.

"Haya, hii dunia," akasema. "Tazama ilivyolala."