Moja Iliyobaki Kwenye Milioni

Mama alipofariki, sisi wanawe tulinuia kumsomea tahlili, yaani "La ilaha illa Allah", mara milioni moja kabla ya arobaini yake. Tuko wanane, lakini tuligawana saba. Kaka yetu mkubwa tulimwacha. Kiharusi kilikuwa kimeufanya ulimi wake mzito, na neno moja tu lilimtoa jasho. Tulidhani tunamhurumia. Tulipomweleza aligonga fimbo sakafuni, akageuzia uso ukutani. Yeye ndiye aliyeishi na Mama miaka yote katika nyumba hii ya Kariakoo.

Milioni kwa saba ilitoa 142,857 kwa kila mtu, ikabaki moja. Hiyo moja hatukuijali.

Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Aliyemaliza fungu lake alinijulisha, nami nikajumlisha. Wa kwanza, 142,857. Wa pili, 285,714. Wa tatu, 428,571. Hapo nikavua miwani. Tarakimu zilikuwa zilezile, zikifuatana vilevile, ila kila mara zilianzia mahali pengine. Nikajua uzee umefika, nanakili tu mstari wa juu. Baada ya adhuhuri nikabeba daftari hadi kwa mdogo wangu wa kike, anayeuza kanga mtaa wa pili na ana kikokotoo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nijumlishie hapa, macho yananidanganya. Wamemaliza wote."

Akabonyeza, akafuta, akabonyeza upya. Fungu la nne likaleta 571,428. La tano, 714,285. La sita, 857,142.

"Kaka, hizi namba zinacheza mdundiko! Ngoma ni ileile inazunguka mtaa, ila kila kona anatangulia mwingine."

"Weka la saba."

Aliliweka, kidole kikabaki hewani. Mteja aliyeshika doti ya kanga akamwuliza, "Mama, mbona umeganda? Au bei imepanda sasa hivi?"

Kwenye kioo wachezaji wote walikuwa wametoweka. Zilisimama tisa sita: 999,999.

Tangu chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba hakuna kitu ambacho Mola hajakihesabu. Nimewafundisha hivyo na wengine, miaka mingi. Lakini pale, katikati ya kelele za wachukuzi na mikokoteni, nywele za mikono zilinisimama. Namba ile ilikuwa hivyo kabla ya soko hili, kabla ya Mama, kabla hajazaliwa mtu wa kugawa kwa saba. Sisi tulikuwa tumeikuta tu.

"Pungufu moja," alisema mdogo wangu. "Niimalizie hapahapa?" Na akavuta pumzi aanze.

"Koma! Hiyo ina mwenyewe."

Alinitazama. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia mteja.

Siku ya arobaini, watu wakiwa wamekaa mikekani na harufu ya pilau imejaa ukumbini, niliinama kwa kaka yetu mkubwa. "Kaka, sote saba tumeshindwa kufika. Imebaki moja. Tulikosea kukuacha. Tumalizie."

Aliiweka fimbo chini. Akaanza. Herufi ya kwanza ilichelewa mpaka nikaogopa. Hakuna aliyemsaidia, hata wapishi walitulia. Alitamka kipande kwa kipande, jasho likimtiririka shingoni, hadi mwisho, bila kuruka kitu.

Kisha akaokota fimbo, akainyoosha kwenye daftari langu.

Nikaandika.