Matunda ya Mpungate

Juzi sokoni Thika nilimsikia muuzaji akisifu matunda ya mpungate, eti yanaongeza damu. Nilicheka peke yangu.

Utotoni tuliyachuma kwenye ua wa boma, tukayasugua mchangani miiba itoke, tukayala mpaka mikono ikawa myekundu. Jioni nikaenda haja ndogo, nikaona mkojo umegeuka mwekundu. Nimekwisha! Nikamrithisha dada yangu Wambui mdoli wangu wa gunzi la mahindi, nikamkimbilia nyanya jikoni.

“Cucu, natokwa na damu!”

Akanitazama midomo, akaangua kicheko. “Ni rangi ya matunda hayo! Kwa hizo mbegu utafunga choo, lakini kufa hufi.”

Nikatoka mbio nikiimba, nikadai mdoli wangu. Wambui akamkumbatia.

“Aliyekufa hadai.”