Dhambi ya Usiku wa Nguruwe

Mume akienda kuwinda nguruwe pori usiku, mke hukesha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kwetu, upande wa Lusangi, na niliipokea kutoka kwa mama mkwe siku ya tatu baada ya kuolewa. Kaa karibu na moto. Usiuache uzimike. Usimpe mtu kaa la moto, hata akikuomba kwa machozi. Usifungue mlango mpaka usikie sauti ya mume wako. Na zaidi ya yote, usiwe umelala na mwanamume mwingine, maana nguruwe atajua, na meno yake yatamtafuta mume. Mimi nilikuwa mkaidi kwa mengi, lakini sheria hiyo niliishika. Nilimpenda mume wangu, na nguruwe niliwaogopa.

Zamani wanaume hawakuwawinda usiku. Walikwenda mchana, kijiji kizima, na nyavu na mbwa, na jioni kila nyumba ilinuka nyama, isipokuwa nyumba za Waislamu, ambao walishika nyavu kwa bidii kuliko wote kisha wakaenda zao kunawa. Halafu ikaja pamba. Wabelgiji walitaka kila nyumba ilime pamba kando ya barabara, ili mtu wao wa ukaguzi aione bila kuteremka kwenye baiskeli. Mchana wetu ukawa wa pamba. Mashamba ya chakula tuliyasukuma ng'ambo ya kijito, karibu na msitu, na kuyalima kwa saa za kuiba. Nguruwe nao pamba hawaitaki. Wangekuwa wanakula pamba, ningewapikia hata pombe. Walichotaka ni mihogo yetu na karanga zetu, na usiku mmoja uliwatosha kupindua kazi ya miezi mitatu.

Basi mume wangu akajenga kibanda kule ng'ambo, akawa analala huko kila mwezi ulipong'aa. Alikuwa na mkuki na mbwa mmoja mwenye kengele ya mti shingoni. Alikaa gizani bila moto wala tumbaku, amejipaka tope, akingoja wasogee. Alijua kazi yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba nguruwe aliyejeruhiwa hafuatwi usiku. Unamwacha na uchungu wake, unasubiri jua, ndipo unafuata damu.

Usiku ule alimchoma dume kubwa, na dume likakimbia na jeraha. Angesubiri jua. Lakini jua likitoka, kapita, yule msimamizi wa pamba, alipiga filimbi barabarani, na mtu asiyekuwepo alilazwa chini akapigwa fimbo. Mume wangu alikuwa ameshalazwa mara moja mwaka ule. Kwa hiyo hakusubiri. Aliingia kwenye majani marefu gizani kufuata damu, na dume lilikuwa limelala humo likimngoja.

Nilikuwa macho. Nilisikia kengele ya mbwa ikija mbio, peke yake, kabla ya jogoo. Niliita majirani, wakaenda na mienge, wakarudi wamembeba. Paja lilikuwa limepasuka kutoka karibu na kinena mpaka juu ya goti. Nilifunga jeraha kwa kitambaa changu cha ndoa, na damu ikapita.

Dispansari ilikuwa Kabambare, safari ya siku mbili kwa miguu ya wabebaji. Vijana walikata miti, wakafunga kipoyi cha kumbebea. Walipoinama kukiinua, kaka yake mkubwa akaweka mguu juu ya mti mmoja.

"Ngojeni kwanza. Mutu hawezi kubebwa na dhambi ndani ya nyumba. Atakufa mu njia. Bibi yake aseme."

Niliwaonyesha moto. Ulikuwa unawaka, magogo mawili mapya juu yake.

"Moto inaweza kuwashwa tena," mama mkwe akasema. "Sema, mutoto wangu. Ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mutu, mama. Nilikuwa hapa. Sikutoka hata kukojoa."

"Nguruwe haikosei."

Nikawaambia kuhusu kapita na filimbi. Nikawaambia kwamba mtu anayeogopa fimbo hawezi kusubiri jua, na kwamba kila mwanamume pale angefanya vilevile. Wakatazama chini. Walijua. Lakini kapita hakuna aliyeweza kumuuliza kitu, na mimi nilikuwepo, nimesimama mbele yao, binti wa watu wengine.

Nilikataa. Naandika neno hilo nikiwa na aibu na fahari pamoja, hata leo sijui ipi ni kubwa. Padri alitufundisha kuungama dhambi tulizotenda. Zile tusizotenda hakutuambia tuzifanye nini. Nilikaa mlangoni nimekunja mikono, jua likapanda. Nzi walikuja. Vijana walikaa kando ya kipoyi wakingoja, na midomo ya mume wangu ikawa na rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nalinda jina langu.

Karibu na saa sita akaniita. Nilipiga magoti. Nilidhani yeye atasema, mwacheni mke wangu, namjua.

"Sema tu," akaniambia. "Miye sitakasirika. Sema, nipone."

Hapo ndipo kitu kilivunjika ndani yangu, na hakijaungwa mpaka leo. Yeye pia aliamini. Nikatazama paja lake, nikaona kwamba nikiendelea kuwa mkweli nitakuwa mjane kabla ya jioni. Nikasimama, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Ni kweli. Ilikuwa mutu ya kamio ya pamba, ile ililala hapa juma lililopita. Sijui jina yake." Nilimchagua mgeni, mtu wa lori lililokuja kuchukua pamba, ili asipigwe mtu wa kwetu. Wakaguna wote pamoja, na ulikuwa mguno wa watu waliotua mzigo. Mama mkwe alinipa maji nijaze kinywa, nimpulizie mume niliyemkosea. Nikampulizia kifuani. Kaka yake akaondoa mguu, wakamwinua, wakaondoka mbio.

Mchana huohuo kapita alikuja kuuliza kwa nini pamba yetu haijapaliliwa. Nikaenda kuipalilia.

Mume wangu alikaa Kabambare miezi miwili, akarudi anachechemea. Akaita watu wote, akanipa kuku nimpikie, akala mbele yao hata mifupa, kuonyesha kwamba amenisamehe. Watu walimsifu sana. Wanawake waliniambia nimebahatika, kwamba mwingine angenirudisha kwetu usiku uleule. Nilisema ndiyo, nimebahatika. Nilichukia msamaha ule kuliko ambavyo ningechukia kipigo, na nilimpikia na kumfulia na kumpenda hivyohivyo.

Sikujua, siku ile nilipokuwa nalinda jina langu na kisha kulitupa, kwamba tumboni kulikuwa na mtu. Mtoto alizaliwa, msichana. Mama mkwe alimgeuza geuza, akatazama miguu yake na masikio yake, akamrudisha mikononi mwangu bila neno. Kijiji hakikukosa neno. Walimwita Wa Kamio. Mume wangu alimbeba mgongoni, akamfundisha kutega panya, hakumtofautisha kwa chakula na wadogo zake waliofuata. Lakini kila alipoitwa jina lile mbele yake, hakukataza.

Nilivumilia mpaka msichana alipofikia umri wa kuolewa, na baba zake wadogo na wakubwa wakakataa kuja kuketi na wageni waliokuja kumposa. Jioni ile nilimkuta mume wangu peke yake. Nikamwambia: "Usiku ule sikutoka. Hakukuwa mutu yeyote. Nilisema uongo ili wakubebe. Huyu mutoto ni wako."

Akashika paja lake kwa mikono miwili, juu ya kovu.

"Nyamaza," akasema. "Unataka kidonda ifunguke?"

Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa hivyo, hata siku ya kipoyi. Aliamini kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomshona, na sasa nashika uzi niuvute. Nikanyamaza. Nilimchagua yeye mara ya pili, na mara ya pili mtoto wangu ndiye aliyelipa.

Mume wangu alipokufa, kwa homa, si kwa kidonda, wazee waliwaita watoto wake mmoja mmoja watupe udongo kaburini. Binti yangu, wa kwanza, hawakumwita. Alisimama nyuma yangu na udongo wake mkononi, mwanamke mzima mwenye watoto, mpaka watu walipoondoka. Ndipo akasogea akautupa. Akaniuliza kama anaruhusiwa kulia.

Hakuna tena ninayemwogopesha kwa ukweli. Usiku wa nguruwe sikutoka nyumbani. Moto haukuzimika. Binti yangu ni wa baba yake.